Mwendo wa Kadi ya Mzee Mihayo

Watu wa siku hizi hawajui kungoja. Kadi zao mpya ni nyembamba kama ganda la kitunguu, na ukimuuliza bibi yako marehemu kama mchuzi umekolea chumvi, anakujibu kabla hujafunga mdomo. Kalunde Mihayo alikuwa mtu wa kadi za kwanza, zile nene za rangi ya samli. Ukichomeka moja kwenye kisoma kadi ukamsalimia mtu wako, ulikuwa na nafasi ya kuinjika chai, kupepeta mchele na kumfukuza kuku jikoni, ndipo sauti itoke. Na hakuna aliyelalamika. Mtu katoka mbali, walisema watu, mwacheni avute pumzi.

Pale Tabora kungoja kwenyewe kuligeuka desturi. Jumapili mchana ukoo ulikusanyika, mmoja akamuuliza marehemu swali, kisha karanga zikamwagwa kwenye ungo na watu wakaanza kubangua. Hapo ndipo mambo yaliposemwa. Ndugu waliogombana walijikuta wanapeana ungo, posa zilijadiliwa, watoto walifundishwa nani ni shangazi wa nani, na marehemu alipojibu, mara nyingine swali lenyewe lilikuwa limeshasahaulika. Kalunde alizikumbuka Jumapili hizo mpaka zikamuuma. Mama yake alikuwa ameshafariki, naye alikataa kuwekwa kwenye kadi akisema ameongea vya kutosha. Kaka zake walifuata kazi mbali wakazikwa huko huko. Alibaki yeye na baba.

Baba alikaa rafuni, juu ya meza ya kazi, ndani ya kisoma kadi kilichong'aa pembe kwa kushikwashikwa. Kalunde alikuwa fundi wa mashine hizo, mmoja wa wachache waliosalia, na chumba chake cha kazi kilitazamana na stesheni, pale treni za sumaku zinapopita bila kelele hata mbwa hawahangaiki nazo. Kila asubuhi akifungua mlango alisema, "Shikamoo, baba." Akafagia. Akanyunyizia maji vumbi la mlangoni. Ndipo baba alipoitika, taratibu, kila neno peke yake: "Marahaba... mwanangu."

Na kila alipokuwa na jambo zito alimuuliza. Alimuuliza kuhusu kuuza shamba la Kiloleni. Alimuuliza kuhusu yule bwana wa Nzega aliyetaka kumwoa alipofiwa na mumewe. Baba alifikiri, alifikiri sana, kisha akasema, "Fanya... unavyoona... vema." Kalunde aliyapokea maneno hayo kwa mikono miwili. Aliona mzee anamwonya kwa upole asikurupuke. Basi shamba hakuliuza, bwana wa Nzega akaambiwa aende kwa amani, na mara zote mbili alilala usingizi mzuri kwa kuwa baba yake alikuwa ameshalifikiria jambo kwa niaba yake.

*

Mzee Pazi Mwinshehe alifika asubuhi moja na mkongojo wake na kelele za msafara mzima.

"Hodi hapa kwa wapagazi!"

"Karibu, Mzee Pazi. Shikamoo."

"Marahaba. Harufu ya michembe imenipokea tangu stesheni. Nyie watu! Reli ya sumaku imewafikia mlangoni, na bado mnakausha viazi juu ya bati."

Kalunde alitabasamu, akamfutia kiti. Pazi alikuwa Mzaramo wa Kisarawe na Mihayo, baba yake Kalunde, alikuwa Mnyamwezi, na baina ya watu hao utani ni wa tangu enzi za misafara. Wawili hawa walifanya kazi pamoja stesheni zaidi ya nusu ya maisha yao. Mihayo alikuwa fundi wa taa za ishara. Pazi alikuwa dereva katika zile treni za mwanzo zilizojiendesha zenyewe, akiwekwa mbele na kofia yake ili abiria wapate kutulia. Wakati huo Kalunde alikuwa shule ya bweni, na alichobaki nacho ni vicheko vyao alivyovisikia akija likizo, ng'ambo ya reli. Maneno yenyewe yalikuwa yamemtoka kichwani.

"Wanangu wamekuja kunichukua," Pazi alisema alipokwisha kukaa, na sauti ikashuka. "Kesho jioni narudi Kisarawe. Kwa figo hizi nilizonazo, Tabora siioni tena. Nimekuja kwa baba yako. Kuna jambo langu na yeye halijaisha."

Kalunde alilijua jambo hilo. Baba yake alipofariki, Pazi alikuwa amelazwa hospitali ya mbali, hajitambui. Msiba ukawa mkavu. Hakukuwa na mtani wa kujilaza kaburini akikataa mzee asizikwe mpaka kwanza apewe kitu, wala wa kuigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke huku machozi yanawatoka. Mihayo aliteremshwa kimya, kama mtu asiye na watu. Wazee wa mtaa wa Cheyo walilisema hilo miaka mingi, na kila walipolisema Pazi alizipata habari.

"Nimechelewa kumzika," alisema. "Lakini si yumo humo? Niache nimtanie, anijibu, mambo yaishe, niende zangu."

Kalunde akamteremsha baba yake kutoka rafuni, akamweka mezani. Pazi alijiweka sawa, akasafisha koo, akapaza sauti.

"Mihayo! Umefika huko, au bado unauliza njia? Maana Mnyamwezi asipokuwa na mzigo kichwani hajui aelekee wapi!"

Taa ndogo ya kijani ikaanza kupepesa. Pazi alicheka peke yake, akamtazama Kalunde, akaitazama mashine. Kalunde akavuta ungo wa karanga, kwa mazoea tu. Wakabangua. Nje treni ilikuja, ikashusha watu, ikaondoka. Kicheko cha Pazi kikaanza kuchujuka, yakabaki meno, na mwisho meno nayo yakafunikwa.

"Pazi..." sauti ikatoka. "Karibu... ndugu yangu."

Pazi alijifuta uso kwa kiganja. Alikuwa ameona aibu, na hakuificha.

"Umeona? Nimemtukana, yeye ananikaribisha. Utani hauendi hivi, mwanangu. Nikimrushia neno halafu nikakaa nangoja, huo si utani tena. Hapo nimemtusi marehemu mbele ya mwanawe." Aliigonga mashine kwa ukucha. "Na Mihayo gani mpole namna hii?"

"Baba alikuwa mpole, Mzee Pazi."

Pazi alimkazia macho kama mtu aliyepewa habari ya mji asioujua. Lakini hakubisha.

"Wewe ni fundi," alisema. "Huwezi kumharakisha?"

*

Kuweza, aliweza. Hilo ndilo lililomuudhi.

Kadi haina saa yake yenyewe. Inapewa mapigo na kisoma kadi, pigo moja hatua moja ya kufikiri, na mapigo hayo hutoka kwenye kristali, kidude cha bati kisichozidi punje ya mahindi. Ng'oa kristali hiyo, weka yenye mapigo ya haraka, na kadi itafikiri haraka, ipende isipende. Lakini waliotengeneza kadi za kwanza walizipa mwendo wa kobe kwa sababu: chembe za ndani zilikuwa dhaifu, zikienda mbio zinapata moto, na zikipata moto zinaungua. Tena zilifungwa zisinakiliwe, kwani watu wa enzi zile waliogopa kuibiwa marehemu wao. Mihayo alikuwa mmoja tu duniani, kwenye kipande cha plastiki kinachoenea kiganjani.

"Siwezi," Kalunde alimwambia Pazi. "Itaungua. Nami nitabaki na nani?"

Pazi aliinamisha kichwa. "Ni baba yako. Sikulazimishi. Kesho nitapita tuagane."

Alipoondoka, Kalunde alijaribu kufanya kazi, kazi ikamkataa. Aliiona tena siku ile ya mazishi, watu wamesimama mikono nyuma wakitazamana, kila mmoja akingoja mtu fulani afanye jambo fulani, na hakuna aliyefanya, udongo ukaanza kuingia. Alikuwa mwanamke mzima siku ile, na bado alitamani mtu amchekeshe.

Basi akajiambia anajaribu tu. Kila fundi wa mashine zile alikuwa na kadi ya majaribio, isiyo ya mtu yeyote, ambayo kazi yake ilikuwa kutaja siku za juma. Kalunde alichukua kisoma kadi kibovu, akapasha moto chuma cha kulehemu, akang'oa kristali na kuweka nyingine aliyoitoa kwenye geti la tiketi lililotupwa na stesheni. Ndiyo pekee aliyokuwa nayo. Kadi ikalia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Kalunde alijicheka. Alikuwa amemharakisha msemaji akamsahau msikilizaji: mashine ilikuwa bado inasikiliza kwa mwendo wa zamani, inasikia kelele tupu. Akaurekebisha na upande huo, akachomeka tena.

"Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne!"

Ilikuwa sauti ya msichana mchangamfu mwenye mahali pa kwenda. Kalunde alibaki na bisibisi hewani. Miaka yote alikuwa akiamini kadi ile ilirekodiwa na bibi kizee.

Akaielekezea feni, akaiacha iseme. Birika lilikuwa jikoni, na kabla halijachemka plastiki ikaanza kunuka. Msichana akasema Alhamisi, akasema Alhamisi tena, akanyamaza. Kalunde alichomeka, akachomoa, akarudisha kristali ya zamani. Hakukuwa na kitu ndani.

Akamgeukia baba yake.

"Baba, Pazi anataka muongee kwa haraka. Kadi itaungua. Nifanye nini?"

Alikunywa chai yote. Alisuuza kikombe.

"Fanya... unavyoona... vema."

Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu amweke baba yake rafuni, Kalunde alikasirika. Alisimama katikati ya chumba akijiuliza ni lini baba yake, akiwa na pumzi zake, aliwahi kutamka maneno yale. Alitafuta. Alitafuta mezani nyumbani kwao, njiani kwenda sokoni, kitandani hospitali. Hakuyapata popote.

*

Pazi alipofika siku iliyofuata, mchana, akiwa amevaa kanzu ya safari, alikuta kisoma kadi cha Mihayo kimefunguliwa tumbo. Kristali mbili zilikaa ubavu kwa ubavu, na kati yake swichi.

"Huku ni mwendo wa zamani, huku wa haraka," Kalunde alimweleza. "Ongea naye. Nikisikia harufu tu namrudisha, hata kama hujamaliza. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Kalunde alijidanganya, kama mtu anayesema anaonja kijiko kimoja. Akawasha feni, akabonyeza swichi.

"Mihayo!" Pazi alianza, safari hii kwa woga kidogo. "Nimekuja kukuzika. Jitokeze nikuone."

"Sasa hivi? Watu wameshakula pilau ya arobaini, wameosha masufuria, ndiyo Mzaramo anafika! Ulikuwa kwenye ngoma ya nani?"

Pazi hakuwa hata amefunga mdomo. Kalunde alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Ilikuwa sauti ileile ya baba yake, hakuna kilichobadilishwa, ila ilikuwa imepata miguu.

"Nilikuwa nimelazwa, mshenzi wewe!" Pazi alifoka, na uso wake wote ulikuwa umefunguka.

"Kulazwa si ndiyo kazi uliyosomea? Hata shirika lilikulaza mbele ya treni, treni ikuendeshe."

"Afadhali mimi nililala na kofia ya kazi. Wewe taa inawaka nyekundu, treni zimepangana mpaka Urambo, mtu anaitwa, anasema subirini nimalizie kiazi!"

"Kiazi nilikilima mwenyewe. Wewe hata nazi unangoja ikuangukie, na ikianguka unamtafuta mtu wa kuikuna."

Pazi alipiga meza kwa kiganja, karanga zikaruka ungoni. Alicheka kwa tumbo, akakohoa, akajibu, akajibiwa, wakapandiana maneno, mmoja hajamaliza mwingine ameshaingia. Na Kalunde akiwa pale ukutani alianza kukumbuka. Ilikuja yote kwa pamoja. Baba akiwa juu ya ngazi ya nguzo ya ishara, akimpigia Pazi kelele ng'ambo ya reli, abiria wameinama madirishani wakicheka. Baba mezani akimwita mama "Bi Mkurugenzi" mpaka mama anamrushia kitambaa cha vyombo. Baba siku anamsindikiza shule, akimwigiza mwalimu mkuu kwenye lango la shule, mwalimu mkuu akiwa nyuma yake. Mtu yule hakuwa mpole. Hakunyamaza katika maisha yake isipokuwa akiwa na tonge mdomoni, na hata hapo kwa shida. Kalunde alikuwa ameishi na kadi miaka mingi kuliko aliyoishi na mtu, na mwendo wa mashine ukamfunika baba yake taratibu, mpaka akamlilia mzee mwingine kabisa, mzee wa busara ambaye hakuwahi kuzaliwa.

"Na huyo fundi wangu mbona kimya?" sauti ikasema ghafla. "Kalu! Umejaza michembe mdomoni?"

Kwa miaka yote kadi ilikuwa ikijibu. Haikuwahi kumuuliza kitu.

"Nipo, baba."

"Najua upo. Kila siku upo. Unaniuliza jambo, naja, nakaribia kabisa, mlango unafungwa, nasikia tayari nimeshasema sijui fanya unavyoona vema. Mimi lini nilizungumza kama mhubiri?"

Kalunde alielewa mara moja, kwa kuwa hiyo ilikuwa kazi yake. Ndani ya kila kisoma kadi kulikuwa na saa ya subira. Kadi ikichelewa mno kujibu, saa ile huikatisha, na kadi hulazimika kutoa jibu lililo karibu, jepesi, lisiloudhi mtu. Saa hiyo haikufuata kristali. Ilifungwa na watengenezaji, na fundi aliyeigusa aliona kadi ikijifunga isifunguke tena. Alikuwa ameijua tangu siku ya kwanza ya ufundi wake, kama anavyojua jina la mtaa, na hakuwahi kufikiri ilikuwa inamfanya nini baba yake. Mzee hakuwa akipima maneno. Alikuwa akija mbio kwa miguu iliyofungwa, na muda ukimwishia kabla hajafika.

"Yule bwana wa Nzega," Kalunde alisema. "Ulitaka kuniambia nini?"

"Kwamba anacheka kabla kichekesho hakijafika. Anahangaika apendwe, maskini. Lakini ana roho nzuri. Nilitaka kukwambia umkubali, utamfundisha kucheka kwa wakati. Mnaendeleaje?"

Kalunde alishika ukingo wa meza. Pazi alitazama chini.

"Hatukuoana, baba."

"Ala!" Kwa mara ya kwanza sauti ilisita, kidogo tu. "Basi nimekukosesha mtu wa kubishana naye. Nisamehe, Kalu."

Hapo ndipo harufu ilipomfikia, ile ya plastiki inayoanza kulegea. Akaweka kidole juu ya kadi, akakitoa haraka. Mkono wake wenyewe ulikwenda kwenye swichi.

"Baba, kadi inaungua. Nikiacha hivi, hutakuwepo tena. Nikirudisha mwendo wa zamani, utabaki."

"Nitabaki nyuma ya mlango."

"Ndiyo. Nyuma ya mlango. Lakini utabaki! Niambie nifanye nini."

"Ah, hapana. Hilo usinitupie mimi. Umeniuliza mambo yako miaka yote, na umeona ushauri wangu ulivyokusaidia."

Pazi alicheka, kisha akajutia kucheka. Alinyoosha mkono akaugusa wa Kalunde, wenye swichi.

"Mrudishe, mwanangu," alisema taratibu. "Mimi nimeshamzika. Hata mchanga nimeweka. Usibaki peke yako kwa ajili yangu, naondoka leo."

Ilikuwa ruhusa, na ilitolewa kwa moyo mweupe. Kalunde aliitaka. Aliitaka asubuhi ya kesho, aseme shikamoo, afagie, anyunyizie maji, na kabla hajamaliza aitikiwe. Alimpenda yule mzee wa polepole. Angeweza kuendelea kumpenda. Ila sasa alijua kwamba kila shikamoo ingemwamsha mtu upande wa pili, naye angeinuka aje na mzaha wake mkononi, na mlango ungemfungia usoni, kesho na kesho kutwa, kwa sababu binti yake aliogopa chumba kisicho na sauti.

Akauondoa mkono kwenye swichi. Akazima na feni, kwa kuwa kelele yake ilikuwa inamzuia kusikia vizuri.

"Endeleeni," alisema. Alikuwa analia na hakujifuta. "Mzee Pazi, endelea. Usimwache anangoja."

Pazi alimtazama, akaelewa, na midomo ikamcheza. Lakini mtani halii kwenye kazi. Akasimama kwa mkongojo wake, akakunja mikono ya kanzu, akaifokea mashine kwa nguvu zote za kifua chake kigonjwa.

"Sikiliza wewe! Pamoja na uzembe wako, nakudai haki yangu ya kaburini. Nimekuja kuchukua koti lako!"

"Koti? Mzaramo anataka koti? Baridi ya Kisarawe mmeinunua wapi?"

"Sihitaji baridi. Nataka nivae, nipite mbele ya nyumba yako, mwanao adhani ni mtu wa maana anapita!"

"Ukilivaa wewe, hata mbwa atajua limeibwa. Tembea kwanza nikuone!"

Pazi akatembea. Alitembea kwenye chumba kile kidogo kama Mihayo alivyotembea, bega moja juu, mkono mmoja ukipunga kama mtu anayesimamisha treni, na Kalunde aliyemwona baba yake akivuka chumba alicheka kwa kilio. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye mlango wa kadi.

"Basi limeshakuwa langu!" Pazi alipaza sauti, akigeuka. "Mtu mfu anataka koti la nini? Haya, nijibu, Mihayo! Nikilivaa leo, nani wa kunivua?"

Taa ya kijani ilizimika.

Pazi alibaki amesimama, kidole hewani, uso bado umekunjuliwa kwa ajili ya jibu. Kalunde naye alingoja. Ilikuwa mazoea ya maisha mazima, mtu katoka mbali, mwache avute pumzi. Nje treni ilishusha watu. Harufu ya plastiki ilijaa chumbani, nzito, na kidole cha Pazi kikaanza kushuka kidogo kidogo, na uso wake nao, na Kalunde aliona kwamba neno la yule mzee lingebaki pale hewani mpaka siku ya kufa kwake kama neno la kumtusi marehemu.

Hakuwahi katika maisha yake kumjibu vibaya mtu mzima.

"Vaa tu, Pazi," alisema. "Koti lenyewe limezoea mtu wa kazi. Litakuvua lenyewe kabla hujafika stesheni."

Pazi aligeuka taratibu. Alimtazama mwanamke yule mwenye mvi na macho mekundu, kana kwamba amemwona akiingia sasa hivi. Kisha kicheko kilianzia chini kabisa, kikamtikisa mabega, ikabidi atafute kiti.

"Mihayo," alisema alipoweza kusema, akiielekea ile mashine iliyokufa, "umeacha mtu."

Ndipo akalia, kwa sauti, kama watu wanavyolia msibani, na Kalunde akavuta kiti chake akakaa karibu naye.